Mkono Usio na Upepo

Mtu akitaka kumsema vibaya shemeji yangu mbele yangu, na aje ameshiba, maana ugomvi utakuwa mrefu. Lakini siku ile waliomsema walikuwa mama yangu mzazi na dada yangu wa tumbo moja, na ushahidi wao wote ulikuwa feni.

Feni yenyewe ilining'inia katikati ya chumba cha ushonaji cha mama. Ni chumba kirefu, chembamba, kina bati juu na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo upepo wa nje ukitaka kuingia lazima kwanza uombe njia. Weka humo cherehani, weka pasi ya moto, weka majora ya vitambaa yaliyopangwa mpaka karibu na dari, utaelewa kwa nini feni ile tuliihesabu kama mtu wa familia. Tuliiita Bwana Mkubwa. Jina lilianza pale ilipoanza kugoma kuamka. Ukiiwasha, inanguruma kwa ndani, mmm, kama mtu aliyeitwa akiwa kwenye usingizi mtamu, wala panga moja halisogei. Mpaka uchukue mpini wa ufagio, upande juu ya stuli, usukume panga. Hapo ndipo inajivuta, inachanganya mwendo, inazunguka.

Kwa watu wengine hiyo ingekuwa hitilafu. Kwetu ikawa tabia. Binadamu ana haraka ya kuzoea: leo anashangaa, kesho anasukuma, keshokutwa anamfundisha mgeni namna ya kusukuma. Na kwa kuwa mama akitandaza karatasi za vipimo juu ya kitambaa ni lazima feni izimwe zisipeperuke, Bwana Mkubwa alilazwa na kuamshwa kutwa nzima. Aliyekuwa karibu na ufagio ndiye aliyemwamsha.

Shemeji, mke wa kaka yangu, aliingia nyumba hii akiwa tayari fundi. Kaka ni dereva wa lori, barabara inamjua kuliko sisi tunavyomjua, na mke wake hakuwa mtu wa kukaa kitandani akihesabu magurudumu. Aliomba nafasi kwa mama akapewa cherehani ya pembeni, pamoja na kazi ya vifungo na mapindo. Alikuja na mkasi wake mwenyewe, ule uliotengenezwa kwa watu wanaotumia mkono wa kushoto. Dada akambandika jina la Mashoto. Shemeji akaliitikia, tena kwa sauti ya juu, "Abee!", mpaka jina likakosa utamu wa utani.

Alichokitaka tulikijua sote: meza ya kukatia. Katika ushonaji, anayekata ndiye fundi. Anayeshona anapita njia iliyokwisha kuchongwa. Na macho ya mama yalikuwa yameanza kuchoka, mstari wa chaki unamkimbia, na wakati huohuo vitambaa vya sare za wauguzi wa zahanati vilikuwa vimeletwa, jora juu ya jora, rangi ya samawati. Ilibidi meza apewe mtu. Ama dada, ama shemeji. Atakayekosa atabaki na vifungo, na kwa jinsi mama asivyorudi nyuma akishatamka, atabaki navyo mpaka aote mvi.

Mchana ule mama alimaliza kubana karatasi zake kwa pini, akajifuta shingo kwa upindo wa kanga.

"Mwamsheni Bwana Mkubwa, tutaiva humu."

Shemeji ndiye aliyekuwa karibu. Akawasha, akapanda stuli, akashika ufagio kwa mkono wake wa kushoto, akasukuma. Feni ikazunguka. Ilizunguka vizuri tu, mpaka mapanga yakageuka ukungu. Tukangoja. Hewa ikakaa palepale ilipokuwa, imenuna.

"Haya, yale yale," dada alisema bila kuinua macho kwenye cherehani yake. "Wifi, umeisukuma au umeibembeleza?"

"Si inazunguka? Wewe unaiona imelala?"

"Inazunguka, sawa. Upepo uko wapi? Umeuweka mfukoni?"

Nilicheka. Dada akiamua kuchekesha huwezi kujizuia. Akainuka kwa mbwembwe, akazima, akaizuia feni kwa ufagio mpaka ikasimama, akawasha tena, akasukuma kwa mkono wake wa kulia. Upepo ukatushukia shingoni, mtamu, kama maji ya mtungi.

"Mmeona? Mkono wa Mashoto hauna upepo."

Haikuwa mara ya kwanza. Akisukuma mama, upepo. Akisukuma dada, upepo. Nikisukuma mimi, upepo, tena naringa. Akisukuma shemeji, patupu. Wala si kwamba tulitunga. Ndivyo ilivyokuwa.

Mama aliweka chaki chini. "Mkwe wangu," alisema, bila ukali, na kukosa ukali ndiko kulikouma, "mimi sina ugomvi na wewe. Lakini kuna mikono myepesi na kuna mikono mizito. Mkono ambao hata feni inaukataa, nitaukabidhi vipi kitambaa cha watu? Nguo ikikosewa mshono, inafumuliwa. Ikikosewa kukatwa, imekwenda. Kesho atakata dada yenu."

"Mama, kwenye kitambaa hujanijaribu. Umenijaribu kwenye feni."

"Mwenye macho haambiwi tazama."

"Basi nitatazama," shemeji akajibu, akarudi kwenye vifungo vyake.

Mtu mwingine angelia. Mwingine angempigia mumewe simu aache lori njiani. Yeye alishona vifungo mpaka saa ya kufunga, lakini kila alipokata uzi aliinua kichwa akaitazama ile feni, namna mtu anavyomtazama jirani anayemshuku kwa kuku wake.

Asubuhi nilimkuta chumbani peke yake, amepanda juu ya stuli, shingo ameipinda.

"Shemeji, afadhali umekuja. Shika ufagio. Na mdomo uufunge kwanza."

Mimi na kufunga mdomo hatujawahi kuelewana. "Hiyo mota imeungua," nikasema, kifua mbele. "Mnajisumbua. Inunuliwe nyingine."

"Mota ikiungua inanuka. Wewe umesikia harufu?"

"Hapana."

"Basi usiizike ingali inapumua."

Akaanza kuvifukuza vitu kimoja kimoja, kama hakimu anayewaachia washukiwa. Akawasha taa ya chumba, ikawaka: umeme unafika. "Taa, toka." Akawasha feni, ikanguruma: umeme unafika mpaka kwenye feni yenyewe. "Swichi, toka." Akageuza kile kitufe cha kasi ukutani kutoka mwanzo hadi mwisho, mngurumo ukawa uleule na mapanga yakabaki kama yamegandishwa. "Wewe nawe, toka." Akazima kila kitu, akalisukuma panga kwa kidole kimoja. Feni ikazunguka laini, bila kukwaruza, ikaendelea kuzunguka muda mrefu kabla ya kuchoka.

"Mwili mzima," akasema. "Hakuna kilichokwama."

"Sasa ugonjwa uko wapi?"

Alishuka, akachukua uzi mrefu, akafunga ncha moja kwenye rula ya mbao, ncha nyingine akaifunga kipande kidogo cha kitambaa chepesi. Akainyoosha rula chini ya feni, kitambaa kikaning'inia.

"Washa. Sukuma wewe."

Nilisukuma. Uzi ukanyooka kuelekea sakafuni, kitambaa kikatikisika kama mkia wa mbuzi.

"Zima. Isimamishe. Sasa zamu yangu."

Akasukuma yeye, kwa kushoto kwake. Feni ikachanganya, na ule uzi, naapa, ukainuka. Uliinuka kama nyoka aliyesikia zumari, kitambaa kikaelekea darini.

Shemeji alikitazama, kisha akasema polepole, "Upepo wangu upo. Unapanda juu."

Mimi nilirudi nyuma hatua moja. Lakini yeye hakuwa na muda wa kustaajabu. "Rudia wewe. Safari hii shika kwa kushoto."

Nilishika kwa kushoto, nikasukuma, na uzi ukapanda! Mkono wangu mimi, mkono wenye upepo, mkono nilioringia! Kisha yeye akasukuma kwa kulia, na upepo ukashuka, ukampeperusha ushungi. Tulisimama pale tunachekana.

"Si mkono basi," akasema. "Ni upande. Wa kulia anaizungushia huku, wa kushoto anaizungushia kule, nayo inakwenda inakopelekwa."

"Twende tukamwambie mama! Sasa hivi! Kuanzia leo usukume kwa kulia, mambo yamekwisha!"

Akanigeukia, na macho yake yalikuwa makali kuliko ule mkasi. "Nisukume kwa kulia? Hicho ndicho wanachokitaka, shemeji. Nikubali kwamba kosa ni langu, nijirekebishe. Hebu fikiri. Feni gani inamtii kila apitaye? Kitu kizima kinajua kinakokwenda. Hii ni mgonjwa, na mgonjwa si mimi."

Wapo watu wakishinda nusu wanarudi nyumbani wakipiga vigelegele. Huyu alikuwa na nusu mkononi akaitupa, akitaka yote. Kama hilo si la kuvuliwa kofia, sijui kofia zinavuliwa kwa ajili ya nini.

Alikwenda kuketi kwenye cherehani yake ya miguu, akakanyaga pedali bila kugusa gurudumu. Cherehani ikatikisika mbele, ikatikisika nyuma, haikujua iende wapi. Akaligusa gurudumu kwa kulivuta kwake: ikakimbia vizuri. Akasimamisha, akaligusa kwa kulisukuma mbali naye: ikakimbia kinyumenyume, uzi ukajisokota, ukakatika. Kila mwanafunzi wa ushonaji amekata nyuzi namna hiyo. Yeye alikuwa akizikata huku anatabasamu.

"Umeona? Miguu ina nguvu, lakini haijui njia. Mkono ndio unaoionyesha njia, mara moja tu, pale mwanzo. Bwana Mkubwa ana miguu. Aliyekosekana ni mkono. Ndani yake lazima kuna kitu kazi yake ni kumsukuma mwanzo, na hicho ndicho kilichokufa. Sisi na ufagio wetu tulikuwa tunashika zamu yake."

Tulikwenda duka la vifaa vya umeme, mtaa wa pili, lenye nyaya zinazoning'inia mlangoni kama mizizi. Muuzaji alikuwa ameng'ata kijiti cha kiberiti pembeni mwa mdomo.

"Karibu bosi," akaniambia mimi.

"Bosi ni huyu," nikamwonyesha.

"Nataka mkono wa feni," shemeji akasema.

"Mkono? Panga, siyo?"

"Mapanga ninayo. Feni inanguruma, haianzi. Ukiisukuma kulia inakwenda kulia, ukiisukuma kushoto inakwenda kushoto. Nataka kile kinachoisukuma ikiwa inaanza."

Muuzaji alikitoa kile kijiti mdomoni. "Dada, watu wananibebea hapa feni nzima mabegani, wananiambia imekufa. Wewe umeniletea ugonjwa peke yake." Akafungua droo, akatoa kijiboksi cheusi chenye nyaya mbili. "Inaitwa kapasita. Lakini jina lako zuri zaidi. Ipo ndani ya kikombe kile kilicho juu ya mapanga. Zima umeme wa nyumba nzima kabla hujagusa, kisha niletee ile ya zamani namba zilingane. La sivyo utampa mtu mzima mkono wa mtoto mchanga."

Tukarudi, nikazima swichi kubwa ya nyumba. Shemeji alifungua kikombe kwa bisibisi, na humo ndani tukaikuta ile kapasita ya zamani imevimba shavu moja, kama mtu mwenye jino bovu. Kabla ya kukata waya wowote alifunga uzi wa rangi kwenye kila mmoja, mwekundu hapa, wa manjano pale. Mimi nikatimua mbio dukani na ile iliyovimba, nikarudi na pacha wake mzima. Alikuwa juu ya stuli, ameinua mikono, anasokota waya na kuuvisha tepu, mama alipoingia na dada nyuma yake.

"Nani amezima umeme wangu? Pasi imekuwa jiwe!" Kisha akainua macho. "Wee! Shuka! Shuka hapo! Nitamwambia nini mwanangu akirudi?"

"Mwambie mke wake yuko kazini, mama."

"Feni ya watu unaifumua kama gauni?"

"Nimeshamaliza kuifumua. Sasa naishona." Akakaza skurubu ya mwisho, akashuka, akajipangusa vumbi. "Shemeji, rudisha umeme. Wifi, wewe bonyeza swichi."

Dada alikuwa ameshaukumbatia ufagio, tayari kwa zamu yake. Akabonyeza kwa mkono mwingine. Ule mngurumo tuliouzoea haukuja. Panga moja likasogea, lenyewe. La pili likalifuata. Bila mtu, bila mpini, bila kubembelezwa, Bwana Mkubwa akainuka na kuzunguka, na upepo ukatushukia wote kwa pamoja.

"Ala!" dada akasema, akautazama ufagio kama kwamba ndio uliomdanganya.

Namjua mama yangu: haamini kitu mpaka akivute, akinyooshe, akipekue upande wa ndani. "Izimeni," akaagiza. Ikasimama. "Mkwe, panda. Isukume kwa huo mkono wako. Huohuo."

Shemeji akapanda, akashika ufagio kwa kushoto. Dada akawasha, shemeji akaisukuma kinyume. Feni ikayumba upande aliouelekeza, ikasita, ikasimama kama mtu aliyekumbuka amesahau kitu nyumbani, kisha ikageuka, ikaenda njia yake. Upepo ukashuka.

"Mwanzo ilikwenda kokote inakosukumwa: kwa kulia upepo unashuka, kwa kushoto unapanda darini. Sasa haimtii mtu tena," shemeji akasema kutoka juu. "Si mimi, si wewe, mama. Ina mkono wake."

Dada akacheka, safari hii akijicheka mwenyewe. "Kwa hiyo siku zote hizi sisi wenye upepo tulikuwa tunajisifu kwa bahati ya kulia tu?"

"Nilitaka kukwambia jana, wifi, lakini nilikuwa bado sijui."

Mama alikuwa haangalii feni. Alikuwa ameinama kwenye vipande vya waya vilivyoanguka sakafuni, kimoja bado kimefungwa uzi mwekundu. Akakiokota, akakisogeza karibu na macho yake yaliyochoka.

"Huu uzi ulifunga wa nini?"

"Nisichanganye nyaya, mama. Kama wewe unavyofunga kwenye mikono ya sare, wa kulia rangi yake, wa kushoto rangi yake, kabla ya kuiunganisha."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nakaa kwenye vifungo, nakuona."

Mama alikigeuzageuza kile kipande cha waya kwa muda mrefu. Mama yangu si mtu mdogo. Ana kiburi, na kiburi chake amekishona mwenyewe kwa miaka akiwa peke yake juu ya meza ile. Lakini fundi akimwona fundi, hata akifumba macho, vidole vinamwambia.

"Ukikata kwa kushoto," akauliza, "kola zangu zitatazama wapi?"

"Mbele, mama. Kama za watu wote."

Dada alikwisha kuelewa. "Na mimi je? Ulinitamkia jana."

"Nilitamka," mama akasema, na nadhani ndiyo mara pekee nimemsikia akilirudia neno lake kwa kulipima. "Nilitamka kwa ajili ya feni. Wewe shona. Mshono wako umenyooka kuliko wa yeyote humu, na unalijua hilo, usinifanye nikusifu sana." Dada akabetua mdomo, lakini hakubisha. Mama akalivuta jora la samawati, akalilaza mezani, akalipigapiga lilale. "Mkwe wangu, kata."

Shemeji aliufungua mkasi wake. Akasogea mezani, akaangalia kitambaa, akaangalia ukuta, akasimama. Mimi ni mwepesi wa kusema na mzito wa kuona, sikuelewa. Meza ile ilikuwa imesukumwa ukutani upande mmoja, na upande uliobaki wazi ulikuwa wa mtu wa kulia. Yeye, ili akate mstari huku akiuona, alipaswa kusimama kule kulikokuwa na ukuta. Angeweza kujipinda. Angeweza kukata kwa taabu na asiseme neno. Na hakusema neno, wala hakujipinda. Alisimama tu na mkasi wake, amenyooka, anangoja.

Mama akamtazama, akautazama ukuta, akatugeukia sisi.

"Mnakodoa macho ya nini? Vuteni meza."

Meza haikuwahi kusogezwa tangu nilipopata akili. Miguu yake ilikuwa imechimba saruji, na nyuma yake tulikuta vifungo, pini na vumbi la nyuzi nene kama blanketi. Nilikamata pembe moja, dada nyingine, na mama, aliyekataa kuambiwa akae, akakamata ya tatu.

"Nzito hii, Mashoto!" dada akaguta, uso umemwiva. "Njoo ushike na wewe!"

Shemeji aliweka mkasi juu ya kitambaa, akakunja mikono ya gauni, akapenya kati ya meza na ukuta.

"Nakuja, wifi. Inua tu. Mkono wowote."